Mdomo Huhama, Kijiwe Hubaki

Februari 2006 Disney, wenye chaneli za Marekani za ESPN, ya michezo, na ABC, walikubali kumwachia mtangazaji wao Al Michaels aende chaneli pinzani ya NBC. Michaels hakuwa mtu wa kuachiwa hivi hivi. Kwa misimu 20 alikuwa ndiye sauti ya mechi za Jumatatu usiku za mpira wa Kimarekani. Disney wakataka malipo. Wakapewa ruhusa ya kuonesha matukio fulani ya michezo yaliyokuwa mikononi mwa NBC, na juu yake wakapewa sungura.

Sungura mwenyewe ni wa katuni, anaitwa Oswald. Alizaliwa mwaka 1927 kwenye studio ya Walt Disney, kijana aliyekuwa bado anahangaika. Mwaka uliofuata Walt alisafiri hadi New York kuomba aongezewe malipo, akaelezwa kwamba sungura si wake, ni wa Universal, studio ya filamu ambayo baadaye iliungana na NBC, na kwamba wachoraji wake wengi wameshachukuliwa. Akarudi mikono mitupu. Katika kutafuta mnyama mwingine akapata panya, Mickey Mouse, na safari hiyo karatasi za umiliki zilikuwa na jina lake. Oswald akakaa kwa wenyewe karibu miaka 80, hadi Bob Iger alipochukua uongozi wa Disney na kuona kwamba njia rahisi ya kumrudisha ni kumtoa mtangazaji.

Kwa miaka mingi kisa hiki nilikisimulia kama kichekesho, mtu mzima kubadilishwa na sungura. Siku hizi nikiwatazama watangazaji wa vipindi vya ubishi wa michezo wa Marekani wanavyoruka kutoka chaneli hadi chaneli, sicheki tena kama zamani. Aliyeonewa kwenye kisa kile si Michaels. Ni Walt, yule wa mwaka 1928, aliyegundua kwamba alichokitengeneza kwa mikono yake hawezi kuondoka nacho mlangoni.

Kwanza tutenganishe watu wawili ambao kwa mbali wanafanana. Kuna mtangazaji wa mechi na kuna mtangazaji wa mezani. Wa mechi thamani yake imeshikamana na haki za matangazo: penye mechi kubwa ndipo anapotakiwa. Mwaka 2022 Joe Buck aliondoka chaneli ya Fox kumfuata mwenzake Troy Aikman ESPN akiwa bado ana mwaka mmoja kwenye mkataba. Fox wakamwachia, na ESPN wakawapa mechi moja ya vyuo vikuu, Penn State dhidi ya Purdue. Mtu kwa mechi, biashara imekwisha. Hapo hesabu inaeleweka hata kwa mwuza mihogo.

Wa mezani hana mechi. Ana kiti, kikombe chenye nembo, mwenzake wa kubishana naye, na mdomo. Anapohama, tajiri mpya ananunua nini hasa?

Swali hili si geni kwetu. Mtu yeyote anayesikiliza redio kwenye daladala za Dar es Salaam anajua namna wachambuzi wa soka wanavyozunguka kati ya Clouds, EFM, Wasafi na Crown, na namna usajili wao unavyotangazwa kwenye Instagram kwa mabango kama ya straika aliyetua Simba au Yanga, moshi nyuma, mikono kifuani, "karibu nyumbani". Tumezoea kuamini kwamba mchambuzi akihama anahama na wasikilizaji wake. Matajiri wanaamini hivyo, na mchambuzi mwenyewe ndiye anayeamini kuliko wote. Wamarekani wamelijaribu jambo hili kwa pesa nyingi na kwa muda mrefu kuliko sisi, kwa hiyo jibu lao lina faida kulitazama.

ESPN ilianza kurusha matangazo Septemba 7, 1979, kutoka mji mdogo wa Bristol, Connecticut. Kwa zaidi ya miaka 30 wapinzani wa kweli hawakuwepo. Fox walizindua chaneli yao ya michezo, FS1, Agosti 17, 2013, wakiamini wataishusha ESPN kwa kuwa wachangamfu zaidi. Wakaleta Wakanada wawili, Jay Onrait na Dan O'Toole, waendeshe kipindi cha usiku cha matokeo na utani. Walikuwa wazuri, mimi niliwapenda. Lakini mtu wa Marekani anayetaka matokeo usiku kidole chake kinajua namba ya ESPN bila kuangalia rimoti, na miaka ile simu ilikuwa imeshaanza kumpa matokeo kabla hajafika sebuleni. Wale mabwana mwaka 2017 walirudi kwao Canada.

Mwaka 2015 Fox wakabadili mbinu. Wakamwajiri Jamie Horowitz, mtayarishaji ambaye alipokuwa ESPN ndiye aliyekigeuza kipindi cha asubuhi cha First Take kuwa uwanja wa ubishi mtupu: watu wawili, mada moja, mmoja lazima akatae. Horowitz alikuja na imani kwamba habari hazina tena biashara, maoni ndiyo yenye biashara, na maoni yanakaa kwenye watu. Basi akawafuata watu. Colin Cowherd, aliyekuwa ESPN tangu 2003, akahamia FS1 mwaka huohuo na kipindi chake cha redio kinachorushwa kwenye runinga. Jason Whitlock, ambaye alikuwa ametoka Fox kwenda ESPN miaka miwili tu kabla, akarudi. Kisha mwaka 2016 akampata aliyemtaka zaidi, Skip Bayless.

Kwa msomaji asiyemjua, Bayless ni mwandishi wa safu za magazeti wa zamani, Dallas, Chicago, San Jose, ambaye alipofika kwenye runinga aligundua kwamba kumdharau nyota wa kikapu LeBron James kila asubuhi ni ajira ya kudumu. Siyo tusi, ndivyo ilivyokuwa. Mwenzake mezani ESPN alikuwa Stephen A. Smith, naye wa magazeti, wa Philadelphia, mwenye sauti ya mhubiri aliyenyimwa maikrofoni. Bayless anasema jambo la kuudhi kwa sauti tulivu, Smith anavuta pumzi, anageuza macho juu, halafu anaanza. Ilikuwa ngoma yenye mapigo mawili, na ilichezwa kila siku ya kazi.

Bayless aliaga Juni 2016. Septemba 6 mwaka huo akaonekana Los Angeles kwenye FS1 na kipindi kipya, Undisputed, kilichoanza nusu saa kabla ya First Take na kuendelea kikipishana nacho. Mshahara wake uliripotiwa kuwa dola milioni 5.5 kwa mwaka, na mkataba wa pili, wa mwaka 2021, ukaripotiwa kufika dola milioni 32 kwa miaka minne.

Unaweza kuuliza pesa hiyo inatoka wapi, maana kipindi hiki hata kwenye siku zake nzuri kilitazamwa na laki chache tu za watu katika nchi ya watu zaidi ya milioni 300. Hapa ndipo panapohitaji kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu bila kuijua mashine hii uhamisho wote unaonekana wazimu.

Mfumo wa kebo wa Marekani unafanana na king'amuzi chetu kwa kitu kimoja: unanunua kifurushi, hununui chaneli. Tofauti ni jinsi pesa inavyogawanywa. Katika kila nyumba inayolipia kifurushi cha kawaida, kampuni ya kebo huikatia ESPN fungu lake kila mwezi, na kwa miaka ya karibuni fungu hilo limeripotiwa kupita dola 9. Bibi wa Ohio anayetazama mapishi tu analipia ESPN. Mwaka 2011, kilele chake, ESPN ilikuwa kwenye nyumba takriban milioni 100. Zidisha mwenyewe. FS1 fungu lake ni dogo mara kadhaa, lakini mashine ni hiyohiyo: kila miaka michache unakaa mezani na kampuni za kebo kudai fungu lako lipande, na ili lipande lazima uwe chaneli ambayo watu wataandamana wakiondolewa.

Kinachowafanya watu waandamane ni mechi, na mechi ni ghali. Haki za mechi za Jumatatu usiku peke yake zinaripotiwa kuigharimu ESPN zaidi ya dola bilioni 2.5 kwa mwaka. Ila siku ina saa 24 na mechi inakula saa tatu. Zile 21 nyingine zinatakiwa kujazwa na kitu cha bei nafuu chenye kelele ya kutosha ili jina la chaneli litajwe mjini. Wabishi wawili, meza, kamera nne. Hata ukimlipa mmoja wao mamilioni, ni chenji ukilinganisha na mechi. Kwa hiyo Fox hawakuwa wazimu. Walikuwa wananunua kutajwa.

Na walitajwa. Kasoro ni kwamba watazamaji hawakuhama.

First Take waliziba pengo. Kiti cha Bayless akakalia Max Kellerman, naye mtu aliyewahi kuhama: aliendesha kipindi ESPN mwaka 2002, akaenda Fox mwaka 2004, akarudi. Kellerman hakuwa na ule ukorofi. Alikuwa mtu wa hoja, mpenzi wa ngumi, msomi kidogo. Wengi walidhani kipindi kitakufa. Badala yake Januari 2017 ESPN wakakitoa chaneli ya pili na kukipeleka chaneli kuu, kikaota mizizi, na kwa miaka yote minane ya Undisputed kikabaki mbele kwa idadi ya watazamaji.

Maelezo ya kawaida ni kwamba Smith ndiye aliyekuwa nyota muda wote. Sawa, kuna ukweli. Ila nadhani kuna jambo la kawaida zaidi, na ukitaka kulielewa nenda kwenye kijiwe chochote cha kahawa Kariakoo. Kila kijiwe kina mzee wake wa maneno, yule anayejua nani kamwambia nini kocha. Siku mzee yule akigombana na mwenye birika, akahamia kijiwe cha mtaa wa tatu, wote mnamwambia tutakuja. Wiki ya kwanza mnakwenda wawili. Wiki ya pili mmoja ana udhuru. Si kwamba hamumpendi. Benchi lenu lipo hapa, kashata ipo hapa, na anayekudai pesa anajua kukupata hapa. Jioni mtaleta mzee mwingine, au yule aliyekuwa wa pili atapanda.

Mtazamaji wa ESPN aliangalia mechi jana usiku kwenye ESPN. Akazima runinga ikiwa pale. Asubuhi anaiwasha, iko palepale. Gym, kinyozi, mapokezi ya hospitali, baa ya uwanja wa ndege, runinga zote zimewekwa chaneli ile na hakuna anayejua rimoti ilipo. Kijiwe hicho kimejengwa na mechi na miaka 40. Bayless aliondoka na mdomo wake wote, na benchi akaliacha Connecticut.

Hata hivyo FS1 walizalisha kitu ambacho hawakukinunua. Mezani pamoja na Bayless walimweka Shannon Sharpe, mchezaji wa zamani mwenye ubingwa wa Super Bowl mara tatu na jina kwenye Jumba la Umaarufu la mpira wa Kimarekani, ambaye chaneli ya CBS walikuwa wameachana naye mwaka 2014. Alikuja kama mtu wa pili. Alikuja na kicheko cha kijijini Georgia, misemo ya bibi yake aliyemlea, na uwezo wa kumfanya mtazamaji ahisi kuna mtu mzima chumbani. Taratibu watu wakaanza kusema wanamtazama Shannon, na Skip yupo tu.

Desemba 2022 ilikuja asubuhi ambayo mimi bado naiangalia kwenye simu mara mojamoja. Mada ilikuwa Tom Brady, nyota wa mpira wa Kimarekani aliyekuwa bado anacheza akiwa na miaka 45. Katika kubishana Bayless akamwambia Sharpe kwamba Brady anaendelea katika umri huo wakati yeye Sharpe ilibidi aache akiwa na 35. Sharpe akavua miwani. Hakupiga kelele mwanzoni. Aliishika mkononi, akamtazama mwenzake, akamwuliza kwa nini kila wakati anamgusa yeye binafsi, akamkumbusha kwamba yumo kwenye Jumba la Umaarufu. Bayless akamwambia avae miwani yake. Ni sekunde chache. Ukizitazama bila sauti utaona watu wawili walioacha kuigiza, na katikati yao mwongoza kipindi anayetafuta pa kuweka mikono.

Wiki chache baadaye, Januari 2, 2023, mchezaji Damar Hamlin wa Buffalo alianguka uwanjani Cincinnati, moyo ukasimama. Madaktari wakiwa bado wanampigania, Bayless aliandika mtandaoni akihoji mechi yenye uzito ule itaahirishwaje mwishoni mwa msimu. Kesho yake Sharpe hakuja kazini. Aliporudi akaanza kusema kwamba alitamani maneno yale yafutwe, na kabla hajafika mbali Bayless akamkatisha: hafuti, anasimamia alichoandika. Nakumbuka nilivyofikiri wakati ule kwamba kipindi hiki kimekwisha, kilichobaki ni mikataba.

Sharpe aliaga Juni 13, 2023, kwa machozi, akamshukuru Bayless kwa kumpigania apate kiti kile. Ilikuwa adabu ya mtu aliyelelewa na bibi. Septemba mwaka huohuo alikaa First Take, mkabala na Stephen A. Smith. Kwa hiyo ESPN walimpoteza mtu mmoja, na baada ya miaka saba wakamchukua yule ambaye mpinzani alimkuza kwa gharama zake. Klabu ya soka ikifanya hivyo kocha anajengewa sanamu. Bayless akajaribu kuendelea na zamu za watu, Richard Sherman, Keyshawn Johnson, Michael Irvin, hata Lil Wayne mwanamuziki akaja siku za Ijumaa. Watazamaji wakazidi kupungua. Agosti 2024 akaondoka.

Lakini jambo la Sharpe ninalotaka tulitazame si First Take. Alipotoka Fox alitoka na Club Shay Shay, podikasti yake ya mahojiano, akaipeleka The Volume, kampuni ya podikasti iliyoanzishwa na Colin Cowherd. Ndiyo, Cowherd yuleyule wa FS1, ambaye mwaka 2021, huku akiwa bado anakula mshahara wa chaneli, alifungua duka lake pembeni. Januari 2024 Sharpe akamkalisha mchekeshaji Katt Williams kwenye kochi kwa karibu saa tatu, Williams akawataja wenzake mmoja baada ya mwingine, na YouTube ikahesabu watazamaji kwa makumi ya mamilioni. Hakuna asubuhi hata moja ya kebo iliyowahi kumpa Sharpe umati kama ule. Na umati ule ulikuwa wake, kwenye ukurasa wake, na nembo yake ukutani.

Pat McAfee alikuwa ameliona hilo mapema. Huyu alikuwa mchezaji wa Indianapolis Colts ambaye kazi yake uwanjani ilikuwa kuubutua mpira mbali pale timu inaposhindwa kusonga, nafasi ambayo mtoto haiombei dua. Alistaafu mwaka 2017 akiwa na miaka 29, akajijengea kipindi cha YouTube pale Indiana akiwa na marafiki zake na fulana isiyo na mikono. ESPN walipomwendea mwaka 2023 hawakumwajiri kwa maana tuliyoizoea. Walikikodi kipindi, kwa malipo yaliyoripotiwa kufika dola milioni 85 kwa miaka mitano. Kipindi ni mali yake, wafanyakazi ni wake, studio iko kwake.

Tofauti ilionekana haraka. Januari 2024 McAfee, akiwa hewani kwenye chaneli ya ESPN yenyewe, alimtaja kwa jina mmoja wa vigogo wa ESPN, Norby Williamson, akimtuhumu kwamba anavujisha takwimu za watazamaji ili kumhujumu. Mtangazaji wa kawaida angefungiwa siku hiyohiyo. McAfee hakufungiwa, na miezi michache baadaye Williamson ndiye aliyeondoka. Mimi si shabiki wa McAfee, kelele zake zinanichosha, na kumtaja mtu kazini hewani si jambo ninalolipenda. Ila nguvu aliyoionesha siku ile chanzo chake ni rahisi kukiona. ESPN wakivunja mkataba, kesho asubuhi kipindi kinaendelea YouTube na kijiwe hakipotezi hata kikombe.

Halafu kuna Inside the NBA, kipindi cha ligi ya kikapu ya Marekani, NBA, ambako mambo yamepinduliwa kabisa. Ernie Johnson, Kenny Smith, Charles Barkley na Shaquille O'Neal, kwa maoni yangu kipindi bora kuliko vyote vya michezo kuwahi kutokea kwenye runinga, walikuwa wa chaneli ya TNT. Mwaka 2024 NBA iliuza haki zake kwa Disney, NBC na Amazon kwa miaka 11, thamani ikitajwa kuwa karibu dola bilioni 76, na TNT wakabaki nje. Wengi tulianza kuomboleza. Novemba 2024 yakafikiwa makubaliano: TNT wataendelea kukitengeneza kipindi kwenye studio zao Atlanta, na kitaonekana ESPN na ABC. Tangu msimu wa 2025 Barkley anaonekana kwa mpinzani akiwa amekaa kwenye kiti kilekile, kwenye jengo lilelile. Hakuhama mtu. Kijiwe chenyewe, pamoja na birika na benchi, ndicho kilichokodishwa.

Stephen A. Smith naye amesoma somo, kwa njia ngumu. Mwaka 2009 ESPN hawakuongeza mkataba wake, akaenda kufanya kipindi cha asubuhi kwenye redio ya Fox, akarudi 2011. Leo, pamoja na mkataba wa ESPN ulioripotiwa mwaka 2025 kufika dola milioni 100 kwa miaka mitano, ana kipindi chake binafsi YouTube ambacho anazungumza siasa, ndoa za watu na chochote anachotaka. Nikitazama klipu zake jioni, maana First Take kwetu huanza saa 11 au saa 12 jioni kutegemea majira yao, naona mtu aliyeweka mguu mmoja kwenye jahazi la tajiri na mwingine kwenye mtumbwi wake, na mtumbwi haujafungwa kwa kamba.

Ambao hawakuwa na mtumbwi walibaki ufukweni. Kellerman aliyeokoa kiti cha Bayless aliondolewa First Take mwaka 2021 na kuachishwa kazi Juni 2023, pamoja na wenzake wapatao 20 wanaoonekana hewani. Julai 2025 FS1 walifuta vipindi vitatu kwa mpigo, Speak, The Facility na Breakfast Ball. Nafasi ya asubuhi wakawapa Barstool, kampuni ya mtandaoni yenye umati wake tayari. Ni Barstool haohao ambao ESPN iliwajaribu Oktoba 2017 na kukifuta kipindi chao baada ya kurushwa mara moja tu. Wakati huo ESPN ilikuwa na uwezo wa kuchagua. Sasa nyumba zenye kebo zinazidi kupungua, na Agosti 21, 2025, ESPN na Fox kwa siku moja walianza kuuza matangazo yao moja kwa moja kwa mtazamaji kupitia programu za simu, ESPN kwa dola 29.99 na Fox kwa dola 19.99 kwa mwezi. Yule bibi wa Ohio akiachana na kebo hachangii tena. Huku anayelipa ni anayetaka, na ukishahitaji mtu atake, mwenye umati wake anakuja na bei yake.

Nikirudi nyumbani, mambo yanabana zaidi. Studio zetu za redio zina kamera siku hizi, uchambuzi unaosikika saa 3 asubuhi mchana umeshakuwa klipu 10 mtandaoni. Nani mwenye klipu hizo? Rafiki yangu mmoja, mchambuzi, sitamtaja wala kituo chake, aliondoka alikokuwa akiwa ameijenga sehemu kubwa ya ukurasa wa YouTube wa kipindi kwa mdomo wake. Alitoka na vipokea sauti vyake vya masikioni na daftari la takwimu za ligi tangu alipoanza. Ukurasa ulibaki, klipu zake zikaendelea kupata watazamaji na matangazo ya kubeti yakaendelea kupita chini ya uso wake.

Alipopata kituo kipya aliniita tukasome mkataba pamoja, kwenye kibanda cha chipsi Sinza, kurasa saba zenye alama za mafuta kabla hatujamaliza. Mshahara ulikuwa mzuri. Kulikuwa na kifungu kirefu cha mavazi, kingine cha kutokuonekana kwa mpinzani kwa miezi sita baada ya kuacha kazi. Tulitafuta neno lolote kuhusu picha, sauti, klipu, jina la kipindi alilolibuni mwenyewe. Tukarudia kuanzia ukurasa wa kwanza, yeye kwa kidole, mimi kwa tochi ya simu maana umeme ulikuwa umekatika. Halikuwepo.

Nikamwambia aulize. Akasema ataanza kazi kwanza, ada ya shule ni Jumatatu.